Mkanda wa taimingi: usubiri, ubadili mkanda peke yake, au ubadili seti nzima?

Gari limeinuliwa kwa jeki, tairi la mbele limetolewa, na fundi ameshafungua kava ya plastiki inayofunika mkanda wa taimingi. Anafuta mikono kwa kitambaa, anakuita: "Bosi, hapa tunaweka mkanda tu, au tunaweka na tenshona na wota pampu? Au tufunge, maana huu mbona bado unaonekana mzima?"

Tenshona ni kifaa kinachoubana mkanda usilegee, na wota pampu ni pampu ya maji ya kupoza injini. Maswali matatu, bei tatu, na gari haliwezi kuondoka mpaka ujibu. Nimesimama hapo mara tatu kwa magari matatu tofauti, na jibu lililonifaa halikuwa lile lile. Mara moja nilijibu kwa kutazama mfuko tu, nikalipia kazi ile ile mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo, au bora zaidi, anayejua atasimama hapo mwezi ujao.

Kwanza hakikisha gari lako lina mkanda huo

Magari mengi yanayotembea kwetu leo hayana mkanda wa taimingi kabisa. Yana cheni. Toyota IST, Vitz, Probox na Fielder zenye injini ya 1NZ-FE ni cheni. Premio na Allion za 1ZZ-FE ni cheni. Noah ya 1AZ-FSE ni cheni. Subaru zenye injini za FB, zilizoanza kuwekwa kwenye Forester mwaka 2010, nazo ni cheni. Cheni imo ndani ya injini, inalainishwa na oili, na haina tarehe ya kubadilishwa kama mkanda. Inachohitaji ni oili safi kwa wakati. Kwa hiyo mtu akikuambia mkanda wa taimingi wa IST yako umeisha muda, ama anazungumzia feni belti, ama hajui injini iliyo mbele yake, na hilo lenyewe ni jambo la kuzingatia kabla hujamwachia ufunguo.

Wenye mkanda ni hawa hasa: 3S-FE ya RAV4 za kwanza na Ipsum, 4A-FE na 5A-FE za Corolla na Carina za miaka ya 1990, 1G-FE ya Mark II, 3L na 5L za Hiace na Hilux za dizeli, 1HZ ya Land Cruiser, 1KD-FTV na 2KD-FTV za Prado, Hilux na Hiace za baadaye, na Subaru za EJ, yaani Impreza, Legacy na Forester zilizotangulia hizo za FB. Jina la injini limo kwenye kibati kilichopigwa ndani ya boneti. Lisome mwenyewe.

Kazi ya mkanda ni kuunganisha krenki ya chini na kamshafti ya juu ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, wala hakuna ruhusa ya jino moja kupishana. Mkanda wenyewe ni mpira wenye nyuzi za kioo ndani. Ndiyo maana fundi anayeukunja mkanda mpya ili uingie mfukoni ameshauumiza kabla haujafungwa: nyuzi za kioo zikikunjwa sana hukatika, na kwa nje huoni kitu.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, na kwangu kina uzito kuliko vyote, ni hiki: mkanda ukikatika, injini yako inakunja valvu au haikunji? Kuna injini ambazo pistoni ikipanda juu na valvu ikiwa wazi, vinakutana. Mkanda ukikatika kwenye mwendo, valvu zinapinda, pengine pistoni inaumia, na hedi, yaani kichwa cha injini, lazima ishushwe. Injini za dizeli tulizozitaja zote zihesabu katika kundi hili, kwa sababu mgandamizo wao ni mkubwa na nafasi juu ya pistoni ni ndogo mno. Subaru za EJ zenye kamshafti mbili kila upande zimo. 1G-FE yenye VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadili wakati wa valvu kufunguka) imo. Upande wa pili kuna 3S-FE, 4A-FE na 5A-FE: mkanda ukikatika gari linazima, unavutwa hadi gereji, unaweka mkanda mpya na unaendelea. Tofauti ya makundi haya mawili ni tofauti ya kupoteza siku moja na kupoteza injini.

Cha pili ni umri wa mkanda, kwa kilomita na kwa miaka pia. Kwa Toyota nyingi zilizotajwa hapa ukomo ni kilomita 100,000; 1KD-FTV hufika 150,000. Subaru za EJ ni 100,000 kwa Japani, na vitabu vya EJ25 nyingi za miaka ya 2000 zilizouzwa Marekani vinataja maili 105,000 au miezi 105, chochote kitakachotangulia. Hapo kwenye "miezi" ndipo wengi tunapopasahau. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Tena mita ya kilomita haihesabu foleni: ukikaa saa moja Ubungo au Mombasa Road injini ikinguruma, mkanda umezunguka saa nzima na mita imesonga kidogo tu. Gari la kazi za mjini lichukuliwe kuwa mkanda wake ni mzee kuliko mita inavyosema.

Cha tatu ni nani mwingine anayeguswa na mkanda huo. Kwenye 3S-FE na Subaru EJ, mkanda wa taimingi ndio unaozungusha pampu ya maji. Pampu ikigoma, mkanda unakufa nayo. Kwenye 1HZ, 1KD-FTV, 5L na 4A-FE, pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa nje, kwa hiyo ni habari nyingine kabisa. Watu wengi hulipishwa "seti nzima na pampu" kwa Prado ya 1KD bila kuambiwa kwamba pampu ile ingeweza kubadilishwa siku yoyote pasipo kugusa taimingi.

Cha nne ni uwiano wa kazi na spea: fundi anafungua vitu vingapi kuufikia mkanda? Kazi ikiwa ndefu, kila kilichojificha nyuma ya kava kinastahili kufikiriwa siku hiyo hiyo. Cha tano ni safari zako na muda utakaokaa na gari. Gari la kwenda sokoni Jumamosi na gari linalopanda mlima wa Kitonga usiku likiwa na familia haviwezi kupewa jibu moja.

Sasa tuzipime njia tatu kwa vigezo hivyo hivyo.

Njia ya kwanza: kuangalia na kusubiri

Unachofanyiwa: fundi anafungua kava ya juu, anautazama mkanda, anasikiliza beringi, anatafuta dalili za oili au maji, kisha anafunga. Unarudi baada ya muda mliokubaliana.

Gharama: karibu hakuna. Hii ndiyo nguvu yake, na isidharauliwe. Kuna mwezi ambao ada ya shule imegongana na kodi ya nyumba, na gari halina dalili yoyote.

Hatari inayobaki: hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu kutazama mkanda kunaaminiwa kupita kiasi. Mpira wa zamani ulikuwa ukizeeka unapasuka mgongoni, unaona nyufa, unajua. Mpira unaotumika kwenye mikanda mingi ya siku hizi unaweza kufika mwisho wake ukiwa laini na mweusi kama mpya, halafu meno yakang'oka kwenye shina au nyuzi za ndani zikaachia. Kwa hiyo ukaguzi wa macho unaweza kukuambia mkanda ni mbaya. Hauwezi kukuambia ni mzuri. Ukiona nyufa, nyuzi zilizochomoza pembeni, meno yaliyoliwa, au mkanda umelowa oili au maji ya rejeta, kusubiri kumekwisha. Usipoona chochote, unachokijua ni umri tu.

Na taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya Land Cruiser, Hilux na Prado za dizeli? Ni msaada mzuri, lakini kumbuka inahesabu kilomita tu. Huwaka ikifika hesabu iliyopangwa, haiuoni mkanda. Mtu anaweza kuizima bila kubadilisha mkanda, na dashibodi ikibadilishwa hesabu imepotea.

Inamfaa nani: mwenye injini isiyokunja valvu, anayetembea karibu na nyumbani, na anayejua kwa uhakika tarehe ya mkanda uliopo na kwamba ukomo haujafika. Inamfaa pia anayesubiri wiki chache spea nzuri zifike badala ya kufunga kilichopo dukani. Mwenye Hiace ya 5L inayobeba abiria, au Forester ya EJ yenye kilomita 120,000 na historia isiyojulikana, njia hii namwomba asiichukue. Hapo gharama haijaepukwa, imeahirishwa tu, na inaweza kurudi na hedi mkononi.

Njia ya pili: mkanda peke yake

Unachofanyiwa: mkanda wa zamani unatoka, mpya unaingia, tenshona na roli (magurudumu madogo yanayouongoza mkanda) zile zile zinarudishwa, pampu haiguswi.

Gharama: kazi yote ya kufungua na kufunga, pamoja na bei ya mkanda mmoja. Mkanda wa injini ya kawaida ndiyo spea ya bei nafuu katika hesabu hii. Kinachokula pesa ni mikono ya fundi.

Hatari inayobaki: mkanda mpya unabanwa na tenshona ya zamani na kupita juu ya roli za zamani. Beringi ya roli ina grisi iliyofungiwa humo tangu kiwandani, haiongezwi. Ikiisha, beringi inaanza kuunguruma, inapata joto, inakwama, na mkanda mpya unaliwa kama uliokuwa mzee. Mikanda mingi inayokatika kabla ya wakati haikuwa mibovu. Iliuawa na jirani yake.

Yaliyonipata ni haya. Nilikuwa na RAV4 ya 3S-FE, nikaomba mkanda tu. Fundi alinionyesha pampu, akaniuliza mara mbili, nikasema iache, haivuji. Miezi minane baadaye niliona tone la maji chini upande wa mikanda. Kile kitundu kidogo cha pampu kilichowekwa ili kutoa taarifa sili, yaani mpira wa kuzuia kuvuja, ikichoka kilikuwa kimeanza kulia, na maji yalikuwa yanarushwa juu ya mkanda wangu mpya. Tulifungua kila kitu upya. Bahati yangu ni kwamba 3S-FE haikunji valvu, hivyo hata ingekatika nisingepoteza injini. Ingekuwa Subaru, ningeandika habari nyingine.

Lakini njia hii ina mahali pake pa halali, na fundi anayeikataa moja kwa moja naye hakutendei haki. Kwenye injini ambazo mkanda ni mfupi, roli ni chache na pampu iko nje ya mzunguko huo, unachoacha nyuma ni kidogo. Kadhalika kama tenshona na pampu zilibadilishwa muda si mrefu na una risiti, halafu mkanda ukalowa oili kwa sababu ya sili ya kamshafti iliyovuja, basi badilisha sili na mkanda. Hakuna sababu ya kutupa beringi yenye mwaka mmoja.

Inamfaa nani: mwenye 4A-FE au 5A-FE anayetumia gari mjini, mwenye kumbukumbu za maandishi kwamba sehemu nyingine bado changa, na mwenye gari analokusudia kuliuza karibuni ambaye hataki kumwuzia mwenzake mkanda uliokwisha. Ukiichagua, mwambie fundi azungushe kila roli kwa mkono kabla ya kurudisha mkanda. Roli nzuri huzunguka kimya na kwa uzito kidogo. Ikizunguka kwa wepesi mno kama gurudumu la mchezo, grisi imekwisha. Ikikwaruza, usijadili.

Njia ya tatu: seti nzima

Unachofanyiwa: mkanda, tenshona, roli zote, pampu ya maji pale inapozungushwa na mkanda huu, na sili ya mbele ya krenki pamoja na za kamshafti. Maji ya rejeta yanamwagwa na kulanti mpya inawekwa. Feni belti ziko tayari mkononi, kwa hiyo nazo ziangaliwe.

Gharama: ndiyo kubwa kuliko zote siku hiyo. Tuweke namba za mfano tu, kwa kuwa kila mji una bei zake. Tuseme kazi ni shilingi 150,000, mkanda 80,000, tenshona na roli 120,000, pampu 110,000. Mkanda peke yake ni 230,000. Seti nzima ni 460,000, mara mbili kamili. Sasa chukua aliyeweka mkanda peke yake, pampu ikavuja baadaye: anaongeza kazi 150,000, pampu 110,000, na mkanda mwingine 80,000 kwa sababu ule umelowa. Jumla yake imefika 570,000, na tenshona bado ni ya zamani. Weka bei za fundi wako mahali pa hizi zangu, urudie hesabu. Kazi ikiwa ghali kuliko spea, seti inashinda upesi. Kazi ikiwa rahisi na spea ghali, pengo linapungua na njia ya pili inapata nguvu.

Hatari inayobaki: si sifuri. Kadiri vitu vipya vinavyoongezeka, ndivyo nafasi ya kuwekewa kimoja kibovu inavyoongezeka. Pampu ya bei ya chini iliyochukua mahali pa pampu ya kiwandani iliyokuwa bado nzima inaweza kuwa hatua ya kurudi nyuma. Na kuna mkono wa fundi: tenshona ya majimaji kama ya Subaru au ya 1KD ikirudishwa ndani kwa kubanwa haraka kwenye vaisi, sili yake ya ndani inaweza kuumia. Inatakiwa ibanwe polepole ikiwa imesimama wima.

Inamfaa nani: mwenye injini inayokunja valvu na yenye pampu ndani ya mzunguko, yaani Subaru EJ kwanza kabisa, aliyenunua gari lililotumika Japani bila historia, anayebeba abiria au kusafiri mikoani, na anayekusudia kukaa na gari miaka mitano na zaidi. Kwa 1KD, 1HZ na 5L, seti inayotosha ni mkanda, tenshona, roli kama ipo, na sili zinazovuja. Pampu iachwe mpaka yenyewe iombe.

Spea zipi?

Hili ni suala la ndani ya suala, nitalipitia kwa kifupi. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, utaonyeshwa za aina tatu: zenye boksi la mtengenezaji wa gari, za kampuni zinazojulikana kwa mikanda na beringi kama Gates, Bando, Mitsuboshi, Aisin na Koyo, na zilizotoka kwenye injini za mtumba. Mbili za kwanza zote zinafaa. Kampuni hizo za pili baadhi ndizo zinazowauzia viwanda vya magari vyenyewe. Tatizo lao ni bandia. Maandishi ya mkanda mzuri ni safi na hayafutiki kwa kucha, namba yake inalingana na ya boksi, meno yana kingo kamili. Duka likikataa kukuandikia risiti yenye namba ya spea, nenda la pili.

Mkanda wa mtumba sikubaliani nao kwa hali yoyote. Tenshona ya mtumba vilevile. Umri ndio kitu pekee unachonunua hapa, na wa mtumba haujulikani.

Kazi yenyewe isimamiwe vipi

Hata njia ya tatu yenye spea bora huharibiwa na dakika tano za haraka. Mkanda ukishafungwa, fundi azungushe injini kwa spana kwenye boliti ya krenki, mizunguko miwili kamili, kwa uelekeo wake wa kawaida, kisha alama za puli zirudi mahali pake. Mistari iliyochapwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi kulingana baada ya mizunguko hiyo, na hilo si kosa. Zinazohesabika ni alama za puli. Kwenye Subaru kuna mtego wa miaka yote: alama sahihi ya krenki ni mkwaruzo ulio kwenye jino la nyuma ya puli, wala si mshale unaoonekana kwa urahisi. Spana ikigoma njiani, asilazimishe. Valvu imekutana na pistoni, na kwa mkono bado hakijaharibika kitu.

Kava zirudi zote na boliti zake zote. Nimeona magari mengi yenye kava ya chini iliyopotea au boliti mbili kati ya sita, na barabara zetu zina vumbi la kutosha kusaga mpira na beringi kwa pamoja.

Na kama mkanda umeshakatika barabarani, dalili yake utaitambua: gari linazima ghafla, ukiwasha stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida kama injini haina mgandamizo. Usirudie kuwasha. Kila jaribio kwenye injini inayokunja valvu linaongeza madhara.

Uamuzi kwa hali yako

Umenunua gari la Japani juzi tu. Fungua boneti utafute stika ya Kijapani kwenye kava ya taimingi au karibu yake. Gereji za kule huandika tarehe na kilomita za kubadilisha mkanda. Mwaka ukiandikwa H24, jumlisha 24 na 1988, unapata 2012. Ukiupata na ukomo haujafika, kusubiri ni halali. Usipoupata, hesabu kwamba mkanda ni ule wa kiwandani. Kwa injini inayokunja valvu nenda na seti kabla ya safari ndefu ya kwanza. Kwa isiyokunja unaweza kujipa miezi michache ya kukusanya fedha.

Una Forester au Impreza ya EJ na fedha zinatosha mkanda tu. Hapa ningekuomba uegeshe gari mwezi mmoja na kukusanya fedha badala ya kufungua mara mbili. Kama haiwezekani, basi mkanda na tenshona na roli kwanza, pampu ikaguliwe kwa mkono, na ujue umechukua nusu ya njia.

Una Prado au Hilux ya 1KD na taa ya T-BELT imewaka. Mkanda na tenshona, bila pampu, na taa izimwe baada ya kazi, si kabla.

Una Hiace ya 5L ya biashara. Panga siku ya kubadilisha mwenyewe, gari likiwa kwako, kuliko kupangiwa na mkanda ukiwa na abiria kumi na wanne barabarani. Kwa gari la kuamka alfajiri na kulala usiku, fupisha ukomo. Wenye magari ninaowafahamu hubadilisha kwenye kilomita 80,000, nami naona wana haki.

Una Corolla ya 4A-FE ya kwendea kazini, kilomita kumi kwa siku. Mkanda peke yake unatosha, roli zikipita mtihani wa mkono. Ukitaka kusubiri mpaka mwisho wa mwaka, weka namba ya gari la kuvuta kwenye simu.

Unauza gari. Usilipie seti ambayo mnunuzi hataithamini. Mwambie ukweli kuhusu mkanda, mpunguzie bei kwa kiasi cha kazi hiyo, na mwachie achague fundi wake.

Njia yoyote utakayochukua, ondoka gereji na spea za zamani ndani ya mfuko, risiti yenye namba za spea mpya, na tarehe pamoja na kilomita zilizoandikwa kwa maka peni juu ya kava ya taimingi, kwa herufi kubwa ambazo fundi wa miaka sita ijayo atazisoma bila tochi.